MILA ZA WAZEE WETU: TUPEPETE, TUSITUPE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana wetu, siku moja baada ya sala ya Alasiri, watoto wamekwisha kufunga misahafu na kwenda zao, kijana mmoja wa miaka 14 alibaki nyuma mkekani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Tulipomwuliza ana nini, alisema, "Maalim, mimi ni Mhehe au ni Mwislamu?"

Tulidhani anafanya mzaha. Tukamjibu upesi, kama wajibuvyo walimu waliochoka, ya kwamba yeye ni Mwislamu, basi. Hakuridhika. Akauliza tena, "Basi bibi yangu si bibi yangu?"

Hapo ndipo tulipoketi chini tena, tukamsikiliza.

Bibi yake huyo, mzaa mama, hajasilimu. Anakaa kijijini, mwendo wa saa chache kutoka mjini Iringa, na riziki yake ni shamba la mahindi. Wakati wa palizi huwaita majirani wamsaidie. Kazi hiyo ya pamoja huku kwetu huitwa mgowe: watu huja na majembe yao, leo wakalima la huyu na kesho la yule, na mwenye shamba huwapa chakula na kinywaji. Ama kinywaji chenyewe, kwa desturi ya siku nyingi, ni pombe. Na wakati wa mvua huwa ni ulanzi, maji ya mianzi yaliyochachuka. Kijana wetu alipoitwa alikataa kwenda, kwa kuuchelea ulanzi. Alipopita nyumbani kwa bibi yake siku nyingine, ajuza yule alimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Kijana akanyamaza. Alikuwa amesikia kwamba salamu ya Mwislamu ni moja tu, na kwamba lugha za wazee ni mabaki ya ujinga. Bibi hakumgombeza. Aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake amekwisha kufa, amebaki mtu anayefanana naye.

Msomaji atauliza, kijana huyo aliyasikia wapi maneno hayo? Hatuna budi kusema kweli: aliyasikia kwetu. Sisi ndio tuliopiga marufuku Kihehe ndani ya chuo chetu. Sisi ndio tuliokuwa tukiwaambia watoto kwamba mambo ya kwao ni mambo ya gizani. Tulikuwa tukiyasema hayo miaka mingi, kwa nia njema, bila ya kuyapima. Na sisi wenyewe tumezaliwa Iringa, tumenyonyeshwa na mama Mhehe, na elimu yetu ni ya chuo na ya darasa la saba. Basi makala haya tunayaandika kwanza kwa kujikosoa, kisha kwa kuwanasihi wenzetu.

DINI HAIKUJA KUFUTA MAKABILA

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 13, kwamba Yeye ndiye aliyetuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatujaalia kuwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni yule amchaye zaidi. Tazama, ndugu yangu: makabila hayakutajwa hapo kwa lawama. Yametajwa kuwa ni kazi yake Mola, na sababu yake ni kujuana. Tena katika Sura ya 30, Ar-Rum, aya ya 22, kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kumehesabiwa miongoni mwa ishara zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Basi mwalimu amkatazaye mtoto lugha ya mama yake, kwa hoja kwamba lugha hiyo haina heshima, ajiulize anaidharau ishara ya nani.

Watazame na masahaba. Salman alijulikana mpaka kufa kwake kuwa ni Salman Mfursi. Bilal alikuwa Mhabeshi, na Suhaib akaitwa Mrumi. Hapana aliyewaambia wakane walikotoka ndipo imani yao itimie. Naye Mtume (S.A.W.) katika hotuba yake ya kuaga alifundisha kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala asiye Mwarabu juu ya Mwarabu, ila kwa ucha Mungu.

Kisa cha Asma binti Abubakar nacho ni hoja kubwa juu yetu. Mama yake alimjia hali bado ni mshirikina, naye akamwuliza Mtume kama aunge udugu na mama yake huyo. Akaamrishwa auunge. Ikiwa ndivyo kwa mama mshirikina wa Makka, basi vipi kwa bibi wa Iringa ambaye kosa lake ni kumwamkia mjukuu wake kwa mapenzi? Sura ya 4, aya ya 86, inatuagiza tuamkiwapo kwa maamkizi yoyote tuitikie kwa yaliyo bora zaidi au mfano wake. Salamu yetu ya Kiislamu haina kifani, nasi hatuiachi. Lakini Mhehe asemapo "Kamwene", au Mnyakyusa wa Rungwe akuulizapo "Ugonile", yaani umelala salama, hakuna sanamu aliyetajwa hapo. Ni mtu anayemtakia mwenzake hali njema.

KANZU NA IMANI

Kosa letu lina asili yake, na si vibaya kuieleza. Uislamu ulipanda katika Nyanda hizi za Juu kwa njia za misafara ya biashara itokayo pwani, ukafika Usangu na Uhehe, kisha ukaenea zaidi katika miji iliyojengwa wakati wa Wajerumani na baada yao. Kiswahili kilikuja kwa njia zizo hizo. Walimu wa kwanza walikuwa watu wa pwani au wanafunzi wao, na pamoja na Qurani walikuja na kanzu, kofia, pilau, na namna yao ya kusema. Mtu wa bara aliposilimu, mara nyingi jirani zake walimwita Mswahili. Yeye mwenyewe akaona kwamba ametoka katika kabila moja na kuingia katika jingine.

Kanzu ni vazi la sitara, nasi twalivaa. Pilau ni riziki njema. Lakini kanzu si nguzo ya sita. Mwislamu wa Makete aliyevaa koti zito kwa baridi ya Ukinga, akasimama alfajiri kusali, hakupungukiwa na kitu. Na kijana wa mjini Mbeya aliyevaa kanzu nyeupe, kisha akamcheka babake mdogo kwa lafudhi yake ya Kisafwa, amevaa nguo tu.

UNGO WA MAMA

Ni kitu gani basi tukishike na kitu gani tukiache? Wanavyuoni wa fiqihi wametuwekea kanuni iliyo mashuhuri: desturi ya watu hutazamwa na hukubaliwa katika hukumu, madhali haipingani na sharia. Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) alifanya hivyo na mila za Waarabu. Kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul, ambayo watu wa Makka waliapa kumsaidia aliyedhulumiwa. Na baada ya utume aliyasifu. Ukarimu wa Waarabu aliuacha ukastawi. Masanamu yao aliyavunja.

Mama zetu hufanya kazi hii kila siku kwa ungo. Nafaka haitupwi kwa sababu ina makapi, wala haipikwi pamoja na makapi yake. Hupepetwa. Makapi hupeperushwa na upepo, nafaka hubaki, na vijiwe vilivyojificha huondolewa kimoja kimoja kwa mkono. Tuzipepete mila zetu vivyo hivyo.

Nafaka ni ipi? Mgowe wenyewe ni nafaka. Kushirikiana katika kazi ya halali ni jambo tuliloamrishwa katika Sura ya 5, aya ya 2. Heshima kwa wazee ni nafaka. Mtoto wa Kinyakyusa afundishwaye kuinama anapomwamkia mkubwa amepewa adabu ambayo watoto wengi wa mijini hawanayo. Wanyakyusa wana neno, ukwangala, maana yake raha ya kuishi kwa wema na wenzako, kuongea nao na kula nao. Zamani vijana wao wa rika moja walitoka majumbani mwa baba zao tangu utoto wakajenga kijiji chao pamoja, na mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kitabu juu ya desturi hiyo mwaka 1951. Aliyezisoma Hadithi za haki ya jirani haoni ugeni katika neno hilo. Utani nao ni nafaka. Makabila mengi ya nchi yetu yaliyowahi kupigana, au kukutana katika safari ndefu za misafara, yaligeuza uhasama na ugeni kuwa mzaha. Na mtani ndiye anayekuja kufanya kazi msibani.

Makapi ni mambo yasiyodhuru wala kufaa, kama aina ya kitambaa au mtindo wa kujenga. Hayo upepo wa nyakati utayachukua au utayaacha, wala tusigombane kwa ajili yake.

Bali yapo mawe, nayo tuyaondoe kwa mkono wetu wenyewe. Kuwaomba wafu na kuwatolea sadaka za kutambika ni jiwe. Ramli na kumsingizia jirani uchawi ni jiwe, na jiwe hilo limewaua vikongwe wengi wasio na hatia. Pombe ni jiwe. Mjane kurithiwa kama mbuzi ni jiwe, nayo Sura ya 4, aya ya 19, imelikataza. Na liko jiwe moja ambalo sisi Waislamu hujidai hatulioni: baba anapokufa, binti kunyimwa fungu lake la shamba kwa hoja kwamba mila hairuhusu ardhi iende kwa mume wa ukoo mwingine. Wako wazee wa kofia wasemao mila ni haramu wakati wa kuitikia salamu, lakini mirathi ikifika huikumbatia mila hiyo hiyo. Huo si upepetaji. Huo ni ujanja.

MTWA MKWAWA

Hapa Iringa hatuwezi kusema juu ya asili yetu bila ya kumtaja Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti, 1891, katika Lugalo, mashujaa wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye Zelewski akauawa. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini yeye mwenyewe hakushikwa. Alipigana msituni mpaka Julai 1898. Kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba fuvu hilo lirudishwe, na ilichukua miaka 35 tena, mpaka tarehe 19 Juni, 1954, Gavana Twining alipolikabidhi Kalenga, ambako limehifadhiwa. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi tangu 1962.

Vijana wajivunie ushujaa huo. Mtu aliyeikataa dhuluma akiwa na mikuki mbele ya mizinga ana funzo kwetu. Lakini Mkwawa, alipozingirwa, alijiua kwa bunduki yake ili asikamatwe. Watani wetu hutucheka kwamba Mhehe akikasirika hujitoa roho, nasi hucheka pamoja nao. Tumewaona vijana wakilirudia neno hilo kama kwamba ni fahari. Ndugu zanguni, hapa ungo utumike. Ushujaa ni nafaka. Kuitoa roho aliyoiweka Mungu ni jiwe, nalo limekatazwa katika Sura ya 4, aya ya 29. Hukumu ya Mtwa iko kwa Mola wake, si kwetu. Iliyo kwetu ni kumwambia kijana mwenye dhiki kwamba uanaume wa Kihehe ni kustahimili, na kwamba mlango wetu uko wazi hata usiku wa manane.

TAIFA LA WATU WENGI

Wako wanaoogopa kwamba mtu akilipenda kabila lake atalichukia taifa lake. Waitazame Mbeya. Mji ule ulikua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930, ukawakusanya Wasafwa wenye nchi, Wanyakyusa, Wasangu, Wakinga, na wageni wa kila upande. Hawakuacha lugha zao, bali walisikilizana sokoni na msikitini kwa Kiswahili. Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, ilikuwa na makabila zaidi ya mia. Mwaka uliofuata, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na aliona kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu lisilo na roho. Baada ya sensa ya mwaka 1967, Mtanzania hakuulizwa tena na mhesabu watu kabila lake wala dini yake. Hatukuambiwa tusiwe na kabila. Tuliambiwa kabila lisiwe kipimo cha haki. Hayo ndiyo maneno ya Al-Hujurat yakitendeka katika utawala wa nchi.

Na mambo haya si yetu peke yetu. Iko nchi ya visiwa vingi huko Asia, Ufilipino, yenye lugha zaidi ya mia. Hata jina lake walipewa na wageni, kwa heshima ya mfalme wa Hispania. Walitawaliwa na Wahispania tangu 1565 mpaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mkwawa, kisha na Wamarekani mpaka 1946. Pamoja na hayo mtoto wao hata leo hushika mkono wa mzee akauweka juu ya paji la uso wake, kuomba baraka. Wana desturi iitwayo bayanihan, ambayo majirani hukusanyika wakaibeba nyumba nzima mabegani, ya mianzi na majani, kumhamishia mwenzao. Nasi tukisikia hayo twaukumbuka mgowe. Waislamu wa huko, wa Mindanao na Sulu, waliukubali Uislamu kabla Mhispania hajafika. Wahispania waliwaita Moro, jina la maadui wao wa zamani. Wao walilichukua jina hilo la dharau wakalifanya la heshima, na tangu 2019 wana jimbo lao lenye madaraka yake, liitwalo Bangsamoro, ndani ya taifa lao. Hawakuikana dini ili wawe wenyeji, wala hawakuukana wenyeji ili wawe Waislamu.

TULIVYORUDI SHAMBANI

Tumrudie kijana wetu. Siku ya Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye kwa bibi yake, sisi na wanafunzi tisa, kila mmoja na jembe lake. Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri ili tufike mapema. Mama watoto wetu alitutilia togwa katika madumu mawili, togwa ya siku ile ile, maana togwa ikilala siku nyingi hugeuka nayo ikawa pombe. Tulipofika, kijana alitangulia. Alisimama mbele ya bibi yake, akainama, akasema, "Kamwene."

Bibi alimtazama kitambo. Kisha akawageukia majirani akasema, "Kumbe yupo."

Tulipalilia mpaka jua la saa tano. Tukanywa togwa yetu, na baadhi ya majirani wakaja kunywa pamoja nasi. Ulanzi ulipoanza kuletwa tuliaga kwa adabu, kwa kuwa Mwislamu hakai penye meza ya ulevi, na bibi hakuona vibaya. Alitufungia mahindi ya kuchoma. Yeye hakusilimu siku ile, wala hatukwenda kwa hila hiyo. Ila tulipoondoka alitusindikiza mpaka njia panda, akatuuliza watoto hawa wanafundishwa nini huko chuoni. Mjukuu wake ndiye aliyemjibu, kwa Kihehe, na sisi tuliona haya, maana alimweleza maana ya Sura Al-Fatiha kwa ufasaha ambao sisi hatujapata kuusikia katika mkeka wetu. Tulikuwa tumeufungia nje miaka yote ile.

Sasa marufuku yetu tumeiondoa. Alhamisi watoto hueleza maana ya aya walizosoma kwa lugha za mama zao, wapate kwenda kuzisema nyumbani. Sura ya 14, aya ya 4, imetukumbusha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Nao wanavyuoni wetu walilijua hilo: Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1969, na nyumba ngapi za nchi hii zimefaidika!

Basi enyi wazazi, wafundisheni watoto Kiarabu cha sala zao, na Kiswahili cha taifa lao, na lugha ya bibi zao pia. Mtoto ana nafasi ya vyote vitatu. Wapelekeni kwa jamaa wasiokuwa Waislamu, wakajue kwamba dini imewaongezea upendo, haikuwapunguzia. Wapeni mabinti haki yao ya urithi. Na ninyi vijana, mtu akikuulizeni swali lile la kijana wetu, mjibuni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuumbeni Wahehe, Wasafwa, Wabena au Wanyakyusa, na Yeye huyo ndiye aliyekuongozeni mkawa Waislamu, wala hawezi kujipinga.

Tunamwomba Mola atusamehe yale tuliyoyasema pasipo elimu, atuunganishe na jamaa zetu, na aijaalie nchi yetu amani. Amin.

Wa billahi taufiq.